Boti moja, watu 23, sheria nne: kisa cha mwalo wa kisiwani Ziwa Victoria

Kisa hiki ni cha mfano. Kisiwa hakina jina, na hakuna mtu halisi wa kutafutwa ndani yake. Kimeunganishwa kutokana na mambo yanayojirudia kwenye visiwa vya upande wa Tanzania, toka Ukerewe hadi Buchosa na Muleba, ili yaonekane yote ndani ya usiku mmoja. Hesabu zake ni za kufanyia kazi: badilisha umbali na idadi ya watu, namna ya kukokotoa inabaki ileile.

Mwalo, giza na viatu

Kisiwa kina kama kilomita za mraba 2 na wakazi wapata 2,500: wavuvi wa dagaa na sangara, wanawake wa vichanja vya kuanikia dagaa, mama lishe, wenye maduka. Kina shule ya msingi moja, zahanati moja, ofisi ya mtendaji wa kijiji na ofisi ya BMU, kikundi cha jamii kinachosimamia mwalo, yaani ufuo boti zinapotua. Kituo cha polisi hakuna. Afisa uhamiaji wa karibu yuko makao makuu ya wilaya, kilomita 45 kwa maji.

Boti iligusa mchanga saa 9:40 usiku wa kuamkia Ijumaa, mwezi wa Julai, giza likiwa limeingia. Neno "giza" kwa wavuvi wa dagaa ni msimu wa kazi. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawakusanyiki kwenye taa, boti zinapandishwa nchi kavu na vibarua wanapumzika. Giza likirudi, ziwa linawaka taa kama mji. Boti inayovusha watu ikitundika taa moja ya sola katikati ya nyingine haina tofauti nazo. Wanaodhani mvushaji hungoja usiku mtupu, ziwa likiwa limelala, wanakosea. Yeye hupita penye msongamano, saa ambayo kila mtu ana shughuli yake.

Mlinzi wa vichanja ndiye aliyeshtuka, kwa mambo matatu. Boti haikuwa na wavu. Taa ilizimwa kabla boti haijafika, wakati mvuvi huiacha iwake ili aone anachoshusha. Tena walioshuka walikuwa na viatu, na mtu anayetoka kuvua hashuki majini na viatu. Alihesabu vichwa 23, ukiacha nahodha na msaidizi wake. Hesabu hiyo aliishika kichwani, hakuiandika popote, na ndiyo pekee iliyokuwa sahihi mpaka mwisho.

Abiria watano, ambao hawakujua Kiswahili, walikuwa wameambiwa wamefika Mwanza: mji uko nyuma ya kilima, ngojeni papambazuke. Nyuma ya kilima palikuwa na mashamba ya mihogo na maji tena. Ujanja huu unampunguzia mvushaji safari na hatari ya kukutana na doria karibu na mji. Kwa kisiwa maana yake ni kwamba wageni hawakukichagua na hawana njia ya kutoka.

Saa mbili zilizoharibu kazi

Mtendaji aliamshwa, akafika mwaloni saa 10:15 na mwenyekiti wa BMU na mgambo wawili. Kufika huko alifika haraka kuliko wengi. Kisha yakafanyika mambo matatu ambayo kila moja lilikuwa na sababu inayoeleweka, na kila moja lilikuwa kosa.

La kwanza, abiria wote walifungiwa kwenye ghala la dagaa, la mabati, mlango mmoja, bila dirisha. Nia ilikuwa wasitawanyike. Wanaume, wanawake na watoto wakawa chumba kimoja na watu ambao hakuna aliyejua uhusiano wao. Katika safari za namna hii dalali au msimamizi wake mara nyingi husafiri kama abiria, na ghala lilimpa nafasi nzuri ya kuwafundisha wenzake la kusema kabla afisa yeyote hajawauliza.

La pili, simu iliyopigwa wilayani ilisema "wahamiaji haramu ishirini hivi". Neno "hivi" liligharimu kuliko mafuta. Idadi isiyo kamili haiwezi kupungua, kwa hiyo asubuhi watu watatu walipokosekana hakuna aliyeweza kusema wamekosekana. Wawili walikuwa vibarua waliochukuliwa na tajiri wa kambi, aliyekuwa akiwangoja tangu jioni. Wa tatu alikuwa mvulana.

La tatu, boti iliachiwa. Nahodha alidai aliwakuta abiria wakitaka msaada, yeye ni mvuvi tu, na watu wa mwalo wakamwonea huruma. Saa 11:30 alfajiri aliwasha mashine akaenda zake. Hakuna aliyeandika namba ya usajili iliyokuwa ubavuni wala ya injini, ambayo huwa kwenye mabano ya kufungia injini tezini. Simu yenye kamera ilikuwamo mfukoni mwa kila mtu pale.

Madumu yalikuwa na la kusema

Boti iliyokamatwa ni ushahidi unaosomeka hata na mtu asiye mpelelezi, na mafuta ndiyo husema zaidi. Mgambo mmoja alikumbuka baadaye kwamba mlikuwa na madumu matano ya lita 20: matatu matupu, moja nusu, moja limejaa. Basi zilikuwa zimetumika lita 70.

Injini ya nguvu farasi 15, ya kuchanganya oili na petroli, ikikazwa karibu na mwisho inakula lita 6 hivi kwa saa. Lita 70 ni kama saa 11 na dakika 40. Boti ya mbao ya mita 11 yenye watu 25 haizidi sana kilomita 8 kwa saa. Umbali, basi, ni kilomita 93 hivi, na ukirudisha saa nyuma kutoka 9:40 usiku unapata iling'oa nanga saa 10 jioni. Saa 10 jioni ni mchana kweupe. Boti hiyo haikutoka kwenye kichaka. Ilipakia kwenye mwalo wenye watu, ambako kuona abiria 23 wakipanda si jambo la ajabu.

Bado kuna la pili. Lita 30 zilizobaki ni saa 5 za mashine. Boti tupu hukimbia, tuseme kilomita 12 kwa saa, hivyo kilomita 60. Haiwezi kurudi ilikotoka. Nahodha alijua atapata mafuta karibu, kutoka kwa mtu wa kisiwa hicho au cha jirani. Hapo ndipo upelelezi ungeanzia: ni nani aliyemuuzia petroli alfajiri ile. Hesabu hii ina mipaka yake, kwa maana upepo wa mbele unaongeza ulaji na huenda walibadilishana madumu na boti nyingine katikati ya ziwa. Lakini inatoa eneo la kuangalia na saa ya kuuliza, na haihitaji kifaa chochote zaidi ya kuhesabu madumu kabla hayajasogezwa.

Waliokuwa ndani ya boti

Walipohojiwa mmoja mmoja, kesho yake na kwa watu wanaojua kuuliza, ikaonekana kwamba "wahamiaji haramu" lilikuwa jina la makundi matano.

Tisa walikuwa vibarua wa uvuvi kutoka nchi jirani, walioitwa na matajiri wa kambi. Watatu walikuwa wanawake wafanyabiashara wa dagaa. Wawili wana pasi halali za kusafiria zisizo na muhuri wa kuingia, mmoja yake imeisha muda. Watano walikuwa Waethiopia wakielekea Afrika Kusini, njia ambayo wengi huipita kwa barabara na wachache husukumwa majini vizuizi vinapozidi. Mama mmoja na watoto wawili walisema wamekimbia mapigano. Na wavulana watatu, wa miaka 14 hadi 16, walikuwa wameahidiwa kazi ya kuanika dagaa. Nauli yao ingekatwa kwenye ujira.

Vibarua na wafanyabiashara wanaangukia Sheria ya Uhamiaji. Kwa raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010 inarahisisha kuingia, ila inataka hati halali na mlango rasmi. Bandari ya Mwanza, Bukoba au Musoma ni mlango. Mwalo wa dagaa si mlango. Mfanyabiashara mwenye pasi nzima alikuwa na haki ya kuingia na akakosea pa kuingilia. Kumweka fungu moja na mvushaji ni kutojua hesabu.

Mama na wanawe wanaangukia Sheria ya Wakimbizi ya 1998, na hapa ndipo pengo kubwa la kisa hiki lilipo. Sheria hiyo inampa anayeomba hifadhi siku saba tangu kuingia nchini ajitambulishe, na inataja anaoweza kujitambulisha kwao, wakiwamo afisa aliyeidhinishwa, mlinzi wa amani (wa mahakamani), na mtendaji wa kijiji. Mtendaji wa kijiji, kwa jina la cheo chake. Yule mama alimwambia mtendaji "nimekimbia" saa 11 alfajiri. Kisheria alikuwa amefika ofisini. Maneno yake yalitakiwa yaandikwe siku hiyohiyo: jina, alikotoka, alichokimbia, tarehe na saa, sahihi au dole gumba. Hayakuandikwa, kwa sababu mtendaji alidhani kazi hiyo ni ya wakubwa wa wilayani. Siku zikahesabika bila karatasi, na asiye na karatasi ndiye huulizwa baadaye kwa nini alichelewa.

Wavulana wana sheria mbili: Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008 na Sheria ya Mtoto ya 2009. Tofauti kati ya kuvushwa na kusafirishwa kiharamu huwasumbua hata watu wa kazi hii. Anayevushwa amenunua safari. Akishafika, biashara yake na mvushaji imekwisha. Anayesafirishwa kiharamu hajafika bado anapoteremka, maana faida itatokana na yeye mwenyewe, kwa kazi au kwa mwili. Kwa mtu mzima huangaliwa kama kulikuwa na nguvu, hila au kutumia unyonge wake. Kwa mtoto hayo hayaulizwi: kupelekwa kwenda kutumikishwa kunatosha, hata kama alipanda boti akicheka. Deni la nauli linalokatwa kwenye ujira ni alama ambayo yeyote mwaloni angeitambua, ila kisiwani deni la namna hiyo ni la kawaida mno. Tajiri huwakopesha vibarua chakula na nauli kila msimu. Ukawaida huo ndio ulioificha.

Waethiopia watano hawakuulizwa chochote kwa saa thelathini, kwa kukosa lugha. Mkalimani wa simu angetosha. Kilichofanyika ni abiria mwenzao aliyejua Kiswahili na Kiamhari kujitolea kutafsiri, na huyo ndiye wa kutiliwa shaka zaidi ya wote.

Kwa nini kisiwa kilinyamaza

Ni rahisi kuwalaumu wanakijiji waliowaficha wawili. Lakini kambi za uvuvi huishi kwa wageni. Boti ya dagaa hubeba wavuvi wanne au watano, vibarua hawa huhama kwa kufuata samaki na mwezi, na desturi ya BMU ni kumpokea mgeni kwa barua kutoka BMU ya mwalo anakotoka. Barua hiyo haina picha. Huandikwa kwa kalamu, hupigwa muhuri, na mihuri huchongwa mjini.

Kisha kuna hofu ya upande wa pili. Kwenye visiwa hivi ndugu wa damu wamegawanywa na mpaka ambao majini hauonekani, na wapo Watanzania wasio na kitambulisho cha NIDA mkononi. Operesheni Kimbunga ya 2013, msako wa wahamiaji haramu uliopita Kagera, Geita na Kigoma, bado inakumbukwa na wengi waliolazimika kuthibitisha uraia wao ghafla. Mtu anayehofia kwamba akimtaja mgeni ataulizwa na yeye babu yake alizaliwa wapi, hatamtaja. Namba ya NIDA inasaidia kidogo kabla ya mtandao kupatikana: ina tarakimu 20 na nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Anayesema ana miaka 25 huku namba yake inaanza na 1987 aulizwe tena, kwa upole, maana wapo wanaokosea umri wao kwa haki.

Komoro wanaijua hali hii kuliko sisi. Kutoka Nzwani, kisiwa chao, hadi Mayotte, kisiwa jirani kilicho chini ya Ufaransa, ni kama kilomita 70, na watu walikwenda na kurudi kwa harusi na biashara. Ufaransa ilipoweka sharti la viza mwaka 1995, safari haikukoma; ilihamia usiku, kwenye boti ndogo zinazoitwa kwassa-kwassa, na maiti zikaanza kuhesabiwa.

Maji, unga, vyoo

Watu 23 hawaonekani wengi mpaka uwapikie. Kipimo cha dharura kinachotumika na mashirika ya misaada ni lita 15 za maji kwa mtu kwa siku kwa kunywa, kupikia na kuoga: lita 345, yaani madumu 17 na robo. Unga gramu 400 kwa mtu, kilo 9.2 kwa siku. Maharage gramu 60, kilo 1.4, mafuta ya kula mililita 25, nusu lita na ushee. Nafasi ya kulala mita za mraba 3.5 kwa kila mmoja, jumla 80. Darasa la mita 9 kwa 7 lina 63. Basi hata darasa moja halitoshi, na ukichukua mawili ili wanawake na watoto wawe peke yao, umeshafunga nusu ya shule siku ya Ijumaa.

Lampedusa, kisiwa cha Italia chenye kilomita za mraba 20 na wakazi kama 6,000, katikati ya Septemba 2023 kilipokea ndani ya siku tatu watu wengi kuliko wakazi wake, huku kituo cha mapokezi kikiwa na nafasi za watu 400 hivi. Pamoja na hayo kina uwanja wa ndege na serikali tajiri nyuma yake. Kisiwa cha dagaa kina turubai mbili. Kwa vifaa kilivyonavyo, boti moja hapa inaweza kukaba koo kama boti nyingi kule.

Saa 5 asubuhi mtoto mdogo wa yule mama alianza kuharisha. Ndani ya ghala lililofungwa, ndoo moja, watu ishirini. Kipindupindu huweza kujitokeza kati ya saa chache na siku tano tangu mtu ameze vijidudu, kwa hiyo afya ya abiria siku ya kwanza haikuambii kitu. Na mwalo unaochota maji ya kunywa ziwani humohumo unamooshea vyombo hauna kinga. Nesi aliamuru ghala lifunguliwe, na huo ulikuwa uamuzi bora wa siku ile. Alitenga vyoo viwili (kipimo ni tundu moja kwa watu 20), akaweka maji ya kunawa na sabuni, akaanza ORS, maji ya chumvi na sukari ya kurudisha yanayopotea kwa kuharisha. Pakiti zilipokwisha alitengeneza ya nyumbani: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, sukari vijiko vidogo sita na chumvi nusu kijiko, vyote vya kusawazisha, si vya kulundika. Chumvi ikizidi inamdhuru mtoto kuliko kuharisha kwenyewe.

Safari ya kwenda wilayani

Jibu la simu lilikuwa fupi: waleteni. Boti ya doria ilikuwa kwingine. Kwa sheria mtuhumiwa hutakiwa kufikishwa mbele ya mamlaka husika ndani ya saa 24, na saa hizo hazisimami kwa sababu ya mawimbi. Wapo waliotaka kuondoka mchana uleule kwa boti moja kubwa. Nahodha mzee mmoja alikataa, na alikuwa sahihi. Julai upepo wa kusini-mashariki unapanda kadiri jua linavyopanda, na kufika alasiri ziwa limechafuka. Tena watu wa Ukara na Ukerewe hawahitaji kukumbushwa uzito wa abiria: MV Nyerere ilizama tarehe 20 Septemba 2018 ikiwa na uwezo wa watu 101, na waliokufa peke yao walikuwa 228.

Waliondoka Jumamosi saa 12 asubuhi kwa boti mbili, abiria 20 na wasindikizaji wanne, kumi na wawili kila boti bila manahodha. Kila mmoja alivaa jaketi la kuokolea. Kumi yaliazimwa kwa boti za abiria. Mafuta yalipigwa hivi: kwenda kilomita 45 kwa mwendo wa 10 kwa saa ni saa 4 na nusu, lita 27, kurudi boti ikiwa nyepesi ni saa 3 na dakika 45, lita 22 na nusu, jumla kama 50. Akiba ni theluthi ya jumla hiyo, lita 17. Lita 67 kwa boti, 134 kwa mbili, yakachukuliwa madumu saba na oili lita 2.8 kwa uwiano wa moja kwa hamsini. Walifika kabla ya saa 5, ziwa likianza kuvimba.

Yaliyofuata yalikwenda kwa taratibu za kawaida: wafanyabiashara walishughulikiwa na uhamiaji, mama akapelekwa kwa wahusika wa wakimbizi, wavulana wawili kwa afisa ustawi wa jamii na dawati la jinsia na watoto la polisi, waliobaki mahakamani.

Kilichobadilika mwaloni

Daftari la BMU lilikuwa likiandika kilo za kila boti na kuacha idadi ya watu. Sasa lina safu mbili za ziada: walioondoka, waliorudi. Boti ngeni hupigwa picha nne kabla mtu hajaulizwa neno: ubavu wenye namba, injini, madumu, abiria wakiwa bado ndani. Ufunguo wa injini au bomba la mafuta hubaki kwa mtendaji mpaka wilaya iseme. Abiria hukaa chini ya turubai mahali pa wazi, wanawake na watoto upande wao, na kila mmoja huandikwa peke yake, nusu ukurasa, hata kama ni jina tu. Ghala halifungwi tena.

Madumu saba ya Jumamosi ile yalikopwa kwenye duka la mwaloni kwa jina la kijiji. Dai la kurejeshewa lilipelekwa halmashauri. Halmashauri ikasema ni suala la uhamiaji, uhamiaji wakasema hawakuagiza boti za kukodi. Mwenye duka ameweka karatasi ukutani yenye lita 140 na jumla yake. Kwenye kambi ya upande wa kaskazini vibarua wawili wapya wamepata barua zenye muhuri. Mvulana wa tatu hayumo kwenye daftari lolote, kwa kuwa usiku ule walikuwa "ishirini hivi".